Kusini na meza ya forodha, kuanzia Kilwa mpaka Kilambo

Ukimuuliza mtu hapa Mtwara mjini forodha ni nini, wengi watakujibu ni wale maafisa wa bandarini, mzigo haujatoka kwa sababu yao, basi. Mi nashinda nao kila siku kwa sababu nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, kazi yangu ni manifesti (orodha ya mzigo wa meli), tansad (tamko la forodha la mzigo), kontrol namba ya malipo na kutuliza madereva wa malori waliochoka kusubiri. Na kitu kinachoniuma kiukweli ni hiki, sisi watu wa kusini, kuanzia Kilwa, Lindi, Mikindani mpaka huku Ruvuma, historia yetu ya pwani karibu yote imepita kwenye meza ya forodha, watu wamekufa kwa ajili ya hiyo meza, miji imeinuka na kuanguka kwa ajili yake, alafu leo vijana wetu wanaona forodha ni mambo ya watu wa Dar. Kwaiyo leo naandika kwa urefu, nimelibeba hili muda mrefu.

Tuanze na kazi yenyewe maana hapo ndio watu wanachanganya sana. Bandari ni ya TPA, mamlaka ya bandari, wao wanashusha mzigo, wanautunza na kukutoza storeji ukichelewa. Forodha ni idara ndani ya TRA, mamlaka ya mapato, wao hawabebi chochote, wanaangalia kama karatasi na mzigo vinasema kitu kimoja. Meli inatanguliza manifesti, wakala anaingiza tamko lako kwenye mfumo wa kompyuta wa forodha, TANCIS, huu ulianza 2014 na kabla yake kulikuwa na ASYCUDA, mfumo na afisa wanakadiria, kontrol namba inatoka unalipa benki, alafu mzigo unapangiwa njia. Kijani unapita, njano wanarudia karatasi, nyekundu kontena linafunguliwa. Ikitoka rilizi, yaani ruhusa ya kutoa mzigo, ndio unasogea getini.

Na hesabu yake iko hivi. Tuseme umeagiza bidhaa ya dukani iliyokamilika, bei yake ukijumlisha bima na nauli ni milioni 10. Ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi za aina hiyo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25, hapo ni milioni 2 na nusu. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye ile milioni 10, inapigwa kwenye milioni 12 na nusu, inakuja milioni 2 na laki 2 na elfu 50. Jumla milioni 4 na laki 7 na elfu 50, na hapo sijagusa ushuru wa bidhaa wala tozo nyingine ndogondogo. Wateja wengi wanagombana na wakala kwenye ile hesabu ya pili wakidhani wamepigwa, wakati sheria ndivyo ilivyo, kodi inakaa juu ya kodi, na wakala mzuri ni yule anayekwambia hivyo kabla hujaagiza, sio kontena likiwa limeshafika.

Ila hela ni upande mmoja. Upande mwingine ni kulinda, na huo watu hawausemi kabisa. Pembe za ndovu zilizotoka Selous miaka ile mibaya, ndovu wakapungua mpaka hesabu ya 2013 ikakuta wamebaki kama 13,000 tu kwenye eneo lote la Selous na Mikumi, zile pembe hazikwenda Asia kwa kuruka, zilipita kwenye makontena na bandari. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Juni 2019, vipodozi vyenye sumu, dawa bandia, silaha, vyote hivyo mtu wa kwanza anayetakiwa kuvisimamisha ni afisa forodha. Akilala yeye anaumia bibi yangu kule kijijini anayenunua dawa dukani bila kujua imepita wapi.

Sasa historia. Kilwa Kisiwani leo tunaipeleka wageni kuona magofu, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara, tunapiga picha msikiti mkuu tunarudi Kilwa Masoko. Ila jiulize zile nguvu za kujenga Husuni Kubwa, lile jumba la sultani, zilitoka wapi. Ibn Battuta alipita pale 1331 akasifu mji. Kilwa haikuwa na mgodi hata mmoja wa dhahabu, dhahabu ilikuwa inatoka bara, nyuma ya Sofala, bandari iliyokuwa mbali kusini kwenye Msumbiji ya leo. Ilichokuwa nacho Kilwa ni mahali pa kukaa, jahazi la Uarabuni au India liliweza kufika Kilwa na kurudi kwa upepo wa msimu mmoja lakini kwenda mpaka Sofala likawa na shida, kwaiyo bidhaa zikabadilishana pale na sultani akawa anatoza. Wareno waliandika mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwamba mfanyabiashara wa vitambaa alitozwa Kilwa kabla ya kwenda Sofala, na akirudi na dhahabu anatozwa tena. Yaani ule mji wote wa mawe ya matumbawe umejengwa na ushuru.

Alafu angalia kilichotokea. Vasco da Gama kaja 1502 kadai malipo kwa nguvu, 1505 Mreno mwenzake Almeida kaja na meli za vita wakaupora mji wakajenga ngome. Walitaka wakae wao kwenye ile meza. Meza wakaipata, ila wafanyabiashara wakahama, wakaanza kupitisha mali Angoche na bandari nyingine ambako Mreno hayupo, na Wareno wenyewe 1512 wakaondoka Kilwa. Hili nataka mlishike maana linajirudia mpaka leo, ukiikaba forodha kupita kiasi mzigo hauachi kwenda, unatafuta njia nyingine.

Ukija enzi za masultani wa Zanzibar ndio mambo yanakaa karibu na sisi zaidi. Seyyid Said alipohamia Zanzibar hakuwa na idara ya forodha kama tunayoijua, alikuwa anaikodisha. Mfanyabiashara mmoja tajiri analipa kiasi kilichopatana kwa mwaka, alafu yeye ndio anakusanya ushuru pwani nzima na kinachozidi ni chake. Kwa miaka mingi aliyeshika ni nyumba ya Jairam Shivji, Wahindi wa Kutch, baadaye Taria Topan naye akaishika. Mkataba wa sultani na Marekani wa 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwenye bidhaa zao, Waingereza na Wafaransa wakafuata na mikataba yao. Huku kwetu vikatoka pembe, sandarusi, baadaye mpira wa porini, vikaingia vitambaa, shanga na bunduki.

Na wakatoka watu. Hapo lazima tuseme wazi. Kilwa Kivinje ilikuwa moja ya milango mikubwa ya biashara ya utumwa pwani hii, watu waliteremshwa kutoka nchi za ziwa Nyasa, wakipita kwa Wayao na Wamwera, na forodha iliwahesabu kwa kichwa na kuwatoza ushuru kama inavyotoza magunia. Wako watu wanaosimulia forodha ya zamani kana kwamba ilikuwa neema tupu, majahazi na karafuu na marashi, mi nikifika hapo nawaambia leta daftari lote, usilete kurasa nzuri peke yake. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash na Waingereza, na hata baada ya hapo magendo ya watu yaliendelea kwa muda kupitia vijito vya kusini. Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho 1866 alianzia hapahapa Mikindani, kwenye njia hizohizo.

Sasa mwaka ambao natamani kila mtoto wa Lindi na Mtwara aujue ni 1888. Shuleni tulifundishwa vita vya Abushiri na Bwana Heri, tukakariri Pangani na Bagamoyo, mtihani ukapita. Hakuna aliyetuambia vizuri chanzo. Chanzo ni forodha. Aprili 1888 Sultani Khalifa alisaini mkataba na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile DOAG, akawapa usimamizi wa pwani ya bara na ukusanyaji wa ushuru. Yaani kampuni binafsi ya biashara ikapewa forodha, na kwenye forodha ikachomeka bendera yake, amri za ardhi na kodi nyingine. Agosti mwaka huohuo wakaanza kushika ofisi miji ya pwani, na Kilwa, Lindi na Mikindani zilikuwemo kwenye orodha.

Fikiria wewe ni mwenye jahazi Lindi, umezoea kukaa na karani wa forodha mnayejuana, liwali, yaani mwakilishi wa sultani, unamjua, kesi inaongeleka barazani, ghafla wanakuja vijana wawili watatu wa kampuni kutoka Ulaya hawajui hata kusalimia wanakwambia kuanzia leo sisi ndio forodha. Pwani ikawaka. Kilwa Septemba 1888 maafisa wawili wa kampuni waliuawa, Lindi na Mikindani Wajerumani wakakimbia kuokoa roho zao. Kampuni ikashindwa kabisa, ikabidi serikali ya Berlin imtume Wissmann na jeshi, na Kilwa, Lindi na Mikindani zikawa za mwisho mwisho kurudishwa, Mei 1890. Baada ya hapo sultani akalipwa marki milioni 4 kwa ukanda wa pwani, na kuanzia Januari 1891 serikali ya Ujerumani yenyewe ikashika kila kitu. Ile Boma ya Mikindani mnayoiona ikitazama ghuba, hoteli siku hizi, ilijengwa 1895, mwaka uleule Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa Kilwa Kivinje kwenye mwembe. Wazee wetu hawakuwa wanakataa ushuru, ushuru walikuwa wanalipa miaka nenda rudi. Walikataa meza kuchukuliwa na mtu asiyewajibika kwao, na hiyo ni hoja nzito mpaka leo.

Mpaka wa Ruvuma nao ni kazi ya karatasi. Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana mto uwe mstari, bila kumuuliza Mmakonde yeyote mwenye shangazi ng'ambo. 1894 Wajerumani wakavuka wakachukua Kionga, kile kipande kidogo kusini ya mdomo wa mto, Wareno wakakirudisha 1916 vitani na 1919 wakapewa rasmi. Kwaiyo watu wa Kionga ndani ya miaka 25 walibadilishiwa forodha mara mbili wakiwa wamekaa palepale kwao. Leo ukivuka mto pale Kilambo, kivuko chetu cha Ruvuma, unatokea upande huohuo, Namoto, wilaya ya Palma, na mtu anayekupokea anaongea Kimakonde au Kiswahili kama wewe.

Enzi za Mwingereza napita haraka. Tanganyika iliingizwa taratibu kwenye umoja wa forodha wa Kenya na Uganda miaka ya 1920, na 1949 idara za forodha za nchi zote tatu zikaunganishwa kuwa moja. Wakati huohuo kwetu kulikuwa na ule mpango mkubwa wa karanga wa Nachingwea, ndio uliotuletea bandari ya kina kirefu Mtwara na reli. Karanga zilishindikana, mpango ukafutwa 1951 baada ya kuteketeza pauni kama milioni 36, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ikabaki. Nzuri, kina cha asili, imetulia, na haina mzigo wa kutosha. Hilo ndio jeraha letu la muda mrefu.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilianza Desemba 1967 na forodha ikiwa ya pamoja, ikavunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa mpaka 1983, na Tanzania ikabaki na forodha yake chini ya Hazina. Miaka ile ya mwanzo wa themanini ndio bibi anayoisimulia mpaka leo, sabuni haipo, khanga haipo, sukari kwa foleni, na 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, watu wakawa wanaficha vitu hata vya halali kwa woga. Bibi anasema aliona doti za khanga zimefukiwa shambani. Bidhaa hazikuwa na mlango rasmi wa kuingilia kwaiyo ziliingia kwa bandari bubu, usiku, kwa bei ya usiku. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe na maduka yakaanza kupumua.

TRA ilianzishwa kwa sheria ya 1995 na ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1996, forodha ikawa idara ndani yake. VAT ikaja 1998. Umoja wa forodha wa Jumuiya mpya ulianza Januari 2005, na sheria inayotumika kila siku pale kaunta ni ya Afrika Mashariki nzima, ile ya mwaka 2004, kwaiyo afisa wa Mtwara na mwenzake wa Malaba wanafungua kitabu kimoja. Kwa kazi yangu hili ni jambo kubwa na zuri, kijana akijifunza forodha hapa anaweza kwenda kufanya kazi Mombasa akaelewa kila kitu.

Tuje kwenye korosho maana najua wengi mnasubiri hapo.

Kwenye forodha kila bidhaa duniani ina namba yake, mfumo wa tarakimu 6 unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels, umeanza kutumika 1988. Korosho yenye ganda ni 0801.31. Korosho iliyobanguliwa ni 0801.32. Tarakimu moja tu hapo mwisho, na maisha ya Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea na Liwale yote yako kati ya hiyo moja na mbili. Ile ya kwanza inapanda meli inaenda kubanguliwa India au Vietnam, ajira zinaenda nayo. Ile ya pili inaacha mshahara hapa. Ndio maana sheria iliweka tozo ya kusafirisha korosho ghafi, asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, ipi kubwa ndio inachukuliwa. Tani ikiwa dola 1,500 unalipa 225, ikiwa imeshuka mpaka dola 1,000 asilimia 15 ni 150 kwaiyo unalipa 160. Anayeikusanya kabla meli haijaondoka ni forodha.

Na hapa ndio utaona umuhimu wa kuuliza meza iko wapi na hela inaenda wapi. Mwanzoni asilimia 65 ya ile tozo ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe, salfa ya kupulizia mikorosho, miche, utafiti wa kituo cha Naliendele, na asilimia 35 inakwenda serikalini. Juni 2018 Bunge likapitisha mabadiliko, yote ikaingia Mfuko Mkuu wa serikali, wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu ila haikusaidia. Novemba mwaka huohuo wanunuzi wakagoma bei, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizibebe. Mi sina ugomvi na Mfuko Mkuu, hospitali na barabara zinatoka humo. Lakini mkulima anayeona tozo inakatwa kwenye korosho yake kisha msimu unaofuata salfa inachelewa au haipo, huyo ana haki ya kuuliza, na mtu asimwite mchochezi. Tuliona 2013 kwenye gesi ya hapa Mtwara ilivyokuwa watu walipohisi mali inapita tu mbele yao.

Kitu kimoja cha kheri lazima nikiseme. Kwa miaka mingi, hasa daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji 2003 na lami ikaendelea kusogea, malori ya korosho yalikuwa yanatoka Masasi yanapita kwenda Dar, yaani bandari iko Mtwara, korosho iko Mtwara, tansad inafunguliwa Dar es Salaam. Vibarua wa Dar wanapakia, mawakala wa Dar wanalipwa, sisi tunaangalia vumbi. Serikali iliongeza gati jipya la mita 300 hapa, na msimu wa 2023/24 ikaagiza korosho za kusini zitoke kupitia bandari ya Mtwara. Ukiongeza makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Ruvuma, basi bandari ikaamka. Msimu ukikolea saivi mama ntilie wa Shangani na wa karibu na geti wanapika mpaka usiku, gesti zinajaa, vijana wanaojua kujaza fomu wanatafutwa. Hiyo ndio maana ya meza kuwa nyumbani, sio heshima ya jina tu.

Na usidhani ni forodha yetu peke yake inayotugusa. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha kuingiza mbaazi, tani 200,000 kwa mwaka kutoka nchi zote, karatasi moja imesainiwa Delhi na mbaazi za Lindi zikakosa mnunuzi, bei ikaanguka vibaya, watu wakaacha shambani zikaoza. Mkulima wa Ruangwa hajawahi kufika hata uwanja wa ndege lakini forodha ya India iliingia mpaka jikoni kwake. Ndio maana nasema chama cha msingi chochote kinachouza nje kinahitaji angalau mtu mmoja anayefuatilia matangazo ya forodha ya nchi mnunuzi, sio kusubiri kusikia kwa dalali.

Nimalizie na Kilambo, hapo ndio moyo wangu uko zaidi kuliko hata bandarini.

Jirani yetu wa kweli sisi ni Msumbiji. Mtu wa Arusha jirani yake ni Kenya, na Kenya iko kwenye Jumuiya. Kule Namanga mama mwenye mzigo mdogo wa bidhaa za Afrika Mashariki, thamani isiyozidi dola 2,000, anapewa cheti chepesi palepale mpakani anavuka bila ushuru wa forodha. Mama wa Kilambo akivuka na mzigo uleule hapati kitu hicho, kwa sababu Msumbiji haimo kwenye Jumuiya. Msumbiji na sisi tunakutana kwenye SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na eneo huru la biashara la SADC lilianza 2008, kwaiyo nafuu ipo, bidhaa nyingi zilizotengenezwa Tanzania zinaweza kuingia kule bila ushuru. Ila unatakiwa uwe na cheti cha uasili cha SADC, kinachothibitisha bidhaa imetengenezwa wapi, na hicho hakitolewi mtoni, kinafuatiliwa TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, mjini, kina fomu, kina viambatanisho, kimewekewa mtu mwenye kontena sio mwenye viroba vitatu vya vitunguu na katoni za sabuni.

Matokeo yake tunayajua wote. Mtumbwi unavuka juu kidogo ya kituo au chini kidogo. Anayevuka hivyo sio jambazi, ni mama wa watu anayesomesha. Lakini akishavuka kwa njia ya panya hana tena ulinzi, mzigo ukichukuliwa hawezi kwenda polisi, akikutana na asiyemtakia mema kule porini hakuna anayejua alipo, na tangu 2017 Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ng'ambo ya mto, ilipoanza kuchafuka kwa mashambulizi hilo sio jambo la kufikirika, kijiji chetu wenyewe cha Kitaya kilivamiwa Oktoba 2020 na Palma ikashambuliwa Machi 2021, watu wakaja wanakimbia kuelekea Ruvuma na watoto mgongoni. Na serikali nayo inapoteza, haijui nini kimeingia wala nini kimetoka. Ile Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720, Rais Kikwete na Rais Guebuza wa Msumbiji walilifungua Mei 2010, ni zuri na nalipenda, ila kwa mtu wa Mtwara mjini, Nanyamba au Msimbati mpaka azunguke Masasi na Mangaka ndio alifikie, na kwa miaka mingi barabara ya upande wa Negomano, ng'ambo Msumbiji, ilikuwa taabu tupu. Mtu wa pwani anavuka Kilambo, kwa pantoni maji yakiruhusu, kwa boti yasiporuhusu.

Ninachoomba sio kikubwa. Tanzania na Msumbiji wakae wapange cheti chepesi cha wafanyabiashara wadogo pale Kilambo na Mtambaswala, orodha ya bidhaa za kawaida ibandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kireno, na awepo mtu wa kusaidia kujaza. Jumuiya wameshafanya, sheria ya mfano ipo, hakuna cha kubuni. Wabunge wa kusini wanaopigania korosho kila Juni wangelibeba na hili, maana linagusa kina mama wengi sana wasio na chama wala mnada.

Mpaka hilo litokee, wale mnaovuka na bidhaa za viwanda vyetu, hata kama ni kidogo, jaribuni kujikusanya watu kadhaa mchukue cheti kimoja kwa mzigo wa pamoja, kwa jina la mmoja wenu au la kikundi kilichosajiliwa, mfuatilie mjini kabla hamjashuka mtoni. Stakabadhi za dukani msizitupe, zinaombwa. Ukilipa chochote upande wetu dai risiti yenye kontrol namba, afisa mwaminifu hakasiriki ukiidai. Na ukifika Namoto bila kile cheti, yule afisa wa Msumbiji akikutoza kiwango kamili msigombane naye wala msiseme kawaonea, kwenye sheria ya kwake hiyo sabuni haina kwao.